Divai nyeupe nusu-tamu ya bei nafuu: ipi uanze nayo, ipi uiache rafuni

Katika divai nyeupe za bei ya chini, sukari si shida kuipata. Kila chupa kwenye rafu hiyo inayo. Kinachokosekana mara nyingi ni uchachu wa kuikata. Ukikosekana, mdomo hunata kana kwamba umelamba shira ya kaimati, na glasi ya pili haishuki. Ndiyo maana hapa tumepanga kwa uchachu kwanza, kisha upya wa divai, na bei mwishoni.

Kabla ya kuchagua, soma lebo vizuri. Kwa kanuni za Ulaya, nusu-tamu ni divai yenye gramu 12 hadi 45 za sukari kwa lita. Kuanzia 45 inaitwa tamu. Afrika Kusini, zinakotoka chupa nyingi za Dar es Salaam na Nairobi, nusu-tamu haifiki gramu 30. Neno la kutafuta ni "semi-sweet", au "lieblich" kwa Wajerumani, "amabile" kwa Waitaliano, "semidulce" kwa Wahispania, "moelleux" kwa Wafaransa. "Halbtrocken" ya Wajerumani iko karibu zaidi na divai kavu, yaani isiyo na utamu, na wengi wanaoinunua kwa kukosea hulalamika kwamba ni kali. "Natural sweet" nayo si nusu-tamu. Ni tamu kabisa.

Lebo ikinyamaza, angalia kileo. Chachu hula sukari ya zabibu ikatoa kileo, na takriban gramu 17 za sukari kwa lita huzaa asilimia 1. Zabibu ambazo zingefika asilimia 12, zikikatishwa kuchachuka kwenye 8, hubakiza sukari inayokaribia gramu 70 kwa lita. Kwa hiyo chupa ya asilimia 8 tarajia iwe tamu sana. Nusu-tamu ya asilimia 11 au 12 ina utamu wa wastani.

1. Stein ya Chenin Blanc

Hii ndiyo ya kuanza nayo. Chenin Blanc ndiyo zabibu nyeupe inayopandwa kwa wingi zaidi Afrika Kusini, wenyewe wakiiita Steen, na Stein ni jina la mtindo wao wa nusu-tamu. Sifa yake kubwa ni kwamba uchachu hauanguki hata shamba likiwa la joto. Puani inakuja harufu ya mapera yaliyoiva na asali kidogo, na ukishameza mdomo unabaki safi. Nederburg Stein ni mfano ambao si vigumu kuuona madukani.

Kwenye chakula chetu hapa ndipo inapong'ara. Sukari kidogo hutuliza pilipili, wakati kileo kikubwa huichochea, na uchachu hukata mafuta ya tui. Kuku wa kupaka, samaki wa nazi, kamba wa kukaanga kwa kitunguu saumu: vyote vinakwenda nayo. Biriani pia, ilimradi chupa iwe baridi vya kutosha.

Dodoma nako Chenin Blanc inalimwa, na mzabibu wa huko huvunwa mara mbili kwa mwaka. Ila usidhani kila divai nyeupe ya Dodoma ni tamu. Zipo kavu, na chupa zinafanana. Ukikuta iliyoandikwa nusu-tamu na imewekwa mahali pa baridi, ichukue.

2. Lieblich ya Ujerumani

Liebfraumilch ndilo jina la kale kwenye kundi hili. Sheria inataka iwe na angalau gramu 18 za sukari kwa lita, na asilimia 70 ya zabibu ziwe Riesling, Müller-Thurgau, Silvaner au Kerner. Kileo huwa kidogo, mara nyingi asilimia 9 hadi 10, basi inafaa mchana wa jua. Nyingi ni Müller-Thurgau, ambayo ina harufu nzuri ya maua lakini uchachu wake ni mpole. Ukiona Riesling imetajwa kwanza kwenye lebo na bei haijapanda sana, hiyo inaishinda hata namba moja.

Kasoro yake ni safari ndefu na kukaa. Chupa iliyolala dukani miaka mitatu imeshapoteza maua yote.

3. Natural sweet ya Afrika Kusini

Four Cousins, 4th Street, Robertson Winery: hizi ndizo zinazouzwa kila kona, na kwa anayetoka kwenye soda ni mlango mzuri. Kileo ni kama asilimia 8. Zimeshuka hadi nafasi ya tatu kwa sababu utamu umezidi uchachu. Dawa yake ni baridi kali, au kuchanganya sehemu mbili za divai na moja ya maji ya soda, ukikamulia robo ya ndimu. Usiinunue kwa ajili ya chakula cha nazi. Inafaa zaidi na matunda, vitumbua au korosho za chumvi.

4. Boksi

Boksi la lita 5 ni sawa na chupa sita na theluthi mbili za sentilita 75. Likiuzwa kwa bei ya chupa tano za divai ileile, au chini ya hapo, linalipa. Likizidi, nunua chupa. Mfuko wa ndani hujikunja divai inapopungua, hewa haiingii, hivyo kwenye friji hudumu wiki nne hadi sita baada ya kufunguliwa. Lakini plastiki hupitisha hewa polepole hata kabla ya kufungua. Tafuta tarehe ya kufungashwa. Ikipita miezi tisa hadi kumi na miwili, liache.

Ya kuacha kabisa: kinywaji kinachoorodhesha maji, sukari na ladha ya zabibu kama viungo. Hiyo si divai, hata kama chupa ina umbo lilelile na picha ya shamba.

Kukagua chupa dukani

Inyanyue kwenye mwanga. Divai changa ya aina hii inatakiwa iwe na rangi ya njano hafifu kama nyasi kavu, pengine ikielekea kijani. Ikiwa ya dhahabu nzito au kahawia, hewa imeshaiharibu. Pitisha kidole chini ya mdomo wa chupa: ukihisi kunata, divai ilipata joto, ikatanuka na kuvuja. Chupa za kioo kisicho na rangi zilizokaa chini ya taa au dirishani huingia harufu ya kabichi iliyochemshwa, kwa hiyo chukua ya nyuma ya rafu. Mwaka ukiandikwa, chagua wa karibuni zaidi. Hizi hazitengenezwi kwa kuhifadhiwa.

Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya uduni. Kwa divai changa ni bora kuliko kizibo, kwani hakuna kizibo cha kuoza wala kukauka.

Stempu ya kodi nayo ichunguze kwa simu: Tanzania kuna programu ya Hakiki Stempu, Kenya kuna Soma Label.

Baridi, na kilichobaki

Nyuzi joto 8 hadi 10 za Selsiasi ndizo za divai hizi; natural sweet ishushe hadi 6. Njia ya haraka ni ndoo yenye barafu nusu, maji nusu na konzi ya chumvi, dakika 15 hadi 20. Usisahau kutia maji, maana barafu tupu hugusa chupa sehemu chache tu. Friza isizidi dakika 40; ukisahau, divai huganda, hutanuka na kusukuma kizibo au kupasua chupa.

Chupa iliyofunguliwa, ifunge na uirudishe kwenye friji ikiwa wima. Siku tatu bado ni nzuri, ya tano inaanza kuchoka. Iliyochoka igandishe kwenye trei ya barafu: vipande viwili kwenye sufuria ya kamba, baada ya kitunguu kulainika na kabla ya kutia tui.