Uzoefu wangu: kadi mbili, sipiyu finyu na fundi wa sufuria

Sitaeleza hapa kasi ya prosesa wala ukubwa wa memori, kwa kuwa hayo yanapatikana kwa yeyote mwenye simu. Ninachotaka kueleza ni jinsi kazi ya kufunga kadi mbili, moja ya grafiki inayopeleka picha kwenye skrini na moja ya kunasia video, ndani ya kompyuta yangu, ambayo hatimaye niliimaliza mwenyewe kabla chai haijapoa, ilivyonigharimu siku tatu, shilingi 15,000 na kejeli moja ambayo bado imenikaa rohoni.

Mimi huhariri video za harusi hapa Mikindani. Msimu wa korosho ulipochanganya, watu wakashika fedha na harusi zikafuatana, nikaagiza kutoka Kariakoo kompyuta ya mtumba, ya zile zilizoundwa kwa kazi nzito lakini zikatiwa ndani ya kasha jembamba, ambalo sote huku tunaliita sipiyu. Nilipenda wembamba wake kwa sababu ofisi yangu ni kona ya sebule. Wembamba huohuo ndio ulionitesa. Sipiyu ya namna hiyo haipokei kadi ya kimo cha kawaida, bali inataka kadi fupi, ambayo kibati chake cha nyuma, kile kinachoishikiza kwenye kasha, kina urefu wa sentimita 8 hivi badala ya 12. Tena pawa saplai ya hii yangu haina waya wa ziada wa kulisha kadi, kwa hiyo kadi ya grafiki haina budi kuridhika na umeme wa sloti yenyewe (tundu refu la kuchomekea kadi), ambao ukomo wake ni wati 75. Sloti nazo zimeachana kwa sentimita 2 tu, hivyo kadi yenye feni nene ingeifunika sloti ya jirani, na hiyo ya jirani ndiyo niliyoihitaji kwa kadi ya kunasia video kutoka kwenye kamera. Yote hayo nilikuwa nimeyasoma, na kadi nilizonunua zilikuwa sahihi. Nasema haya mapema ili mtu asidhani kwamba nilikwenda kwa fundi nikiwa sijui ninachokitaka.

Nikaifunga sipiyu kwa khanga, nikapanda bajaji hadi Mtwara mjini, kwenye duka ambalo kila nikipita nalikuta limejaa wateja. Nilimsalimu fundi, akaitikia bila kuinua macho. Nikaanza kumweleza kwamba ingefaa kadi ya sloti ya chini itangulie, maana ya juu ikishaingia mkono haupiti tena, na kabla sijamaliza akanikatiza mbele ya wateja wanne: “Mama, kompyuta si sufuria, ukiona nafasi unatia tu.” Watu wakacheka. Mmoja wao, kijana wa umri wa mwanangu, alicheka hadi akashika meza.

Nimelirudia neno hilo kichwani mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Masufuria nimeyashika kwa zaidi ya miaka ishirini, na sijapata kuona sufuria iliyozibwa tundu kwa selotepu. Sipiyu yangu niliyokabidhiwa siku ya pili yake ilikuwa imezibwa matundu ya nyuma kwa selotepu. Vile vibati virefu vilipokataa kuingia, fundi aliving'oa vyote viwili akaziacha kadi zikiwa zimesimama ndani ya sloti bila kushikwa na kitu, kisha akafunika, akapokea fedha yake na kumgeukia mteja mwingine.

Usiku huo nilikuwa natoa video ya harusi ya Newala, kazi ya saa nyingi, na ilikuwa imebaki kidogo. Nikaisogeza skrini. Kebo ikavuta, giza. Nilipofunua kifuniko nikaona kadi ya grafiki imeinuka upande mmoja kama jino linalotaka kung'oka, kwa sababu kadi isiyo na kibati hushikwa na sloti peke yake, na kebo nzito inayoning'inia nyuma huifanyia kazi ya wenzo. Niliporudi dukani kulalamika, fundi alisema ninunue sipiyu kubwa.

Hapo nilikuwa tayari kutoa nyota sifuri na kuishia hapo. Lakini siku moja, nikitafuta kifungo cha sare ya mwanangu, nikakuta ndani ya kopo la vifungo kimfuko cha plastiki chenye vibati viwili vifupi. Nilikuwa nimevitoa mimi mwenyewe kwenye maboksi siku mzigo ulipofika, nikidhani ni spea, nikavihifadhi mahali pazuri mno. Kumbe fundi hakuwahi kuviona. Hasira yangu ilishuka, nakiri, na nusura nimwone kuwa ni mtu aliyejitahidi kwa kile alichokuwa nacho.

Nusura tu. Fundi anayezifunga kadi hizi kila siku anajua kwamba kadi fupi kwa kawaida huja na vibati vya aina mbili, na swali lililohitajika lilikuwa la maneno manne: vibati vifupi viko wapi? Kejeli ya sufuria ilikuwa ndefu kuliko hilo.

Nilichomoa waya wa umeme, nikagusa bati la kasha kuondoa chaji ya mwili, nikabadilisha vibati kwa bisibisi ndogo. Ile kadi iliyoinuka ilikuwa bado imenaswa upande wa ndani na kile kiulimi cha plastiki cha mwisho wa sloti, mahali ambapo kidole hakifiki, nikakibonyeza kwa kijiti cha mshikaki. Ya chini ikatangulia, ya juu ikafuata, komeo la nyuma likavibana vibati vyote viwili kwa mkupuo mmoja. Selotepu nikaibandua. Tangu hapo skrini naisogeza nitakavyo.

Sipiyu yenyewe naipa nyota nne, ingawa siku niliyokwaruza vidole nilikuwa nimeipa mbili. Fundi nampa moja, kwa ajili ya lile kopo la vifungo. Mwenye sipiyu nyembamba asiende pale bila vibati vyake mkononi. Mwenye sipiyu kubwa huenda akahudumiwa vizuri, lakini mimi sirudi kuhakikisha, na ile 15,000 bado naidai.