Urojo wa barazani, Mtaa wa Hurumzi: maoni ya fundi milango

Kazi yangu ni kuchonga milango. Mtaani Hurumzi, hapa Mji Mkongwe, niliitiwa mlango ulioliwa na mchwa mwimo wa kushoto. Siku ya kwanza, ilipoadhiniwa alasiri, harufu ya bhajia ikanijia kutoka nyumba ya tatu. Sasa ni mwezi wa nne na haijapita wiki sijakaa kwenye baraza ile. Duka halina kibao. Muuzaji kila mtu anamwita shangazi, nami namwita hivyo hivyo. Ukishalipita hekalu la Wahindu, harufu itakuonyesha palipobaki.

Urojo wenyewe kwanza. Mchuzi wake ni unga wa ngano, manjano na embe mbichi iliyochemshwa ikavurugwa, kisha ndimu anaikamua sufuria ikishaepuliwa. Hapo ndimu ndipo ninapomvulia kofia. Wengi huitia mapema ikachemka, ukali wake ukageuka uchungu. Wa shangazi ukiuinua kwa kijiko unateremka laini bila kukatika, wala si uji wa mgonjwa. Ndani anatia viazi vya kuchemsha vilivyokatwa vinene, kachori iliyovunjwa kwa mkono, bhajia za dengu, yai na mishkaki miwili iliyochomolewa kijitini. Juu yake chatne ya nazi, pilipili, na mwisho chipsi za muhogo, ambazo hazitii mpaka bakuli liwe mkononi mwako.

"Fundi, nikutilie pilipili ya leo? Kali hiyo."

"Tia, shangazi, lakini kwa ncha ya kijiko."

Kijiko cha kwanza lazima kiwe na muhogo. Unavunjika menoni huku mchuzi wa embe ukiupenya, na kwa pumzi mbili tatu unapata vyote, ukavu na urojo. Ukichelewa, umelainika.

Nikila natazama mlango wa nyumba ile, maana macho yangu hayajui kupumzika. Chini ni duka, na mlango wake ni wa mbao za kukunja, ubao mmoja juu ya mwingine, kama walivyoweka wafanyabiashara wa Kigujarati ili ukifunguliwa bidhaa zote zionekane njiani. Mlango wa nyumba uko pembeni, una tao juu, umegawiwa vipande vya mraba, na kila kipande kina msumari wa shaba wenye ncha. Huko Bara Hindi ncha hizo zilikusudiwa kuzuia tembo wa vita. Hapa kwetu zilibaki pambo, na mafundi wa Unguja wakazipenda. Lakini shuka na mwimo mpaka chini utaona mnyororo, na kando yake mawimbi na samaki, nakshi ambazo utazikuta pia kwenye milango ya Kiarabu ya mstatili, ile yenye aya za Qurani kwenye kizingiti cha juu. Nilipoupapasa mfaa, ule ubao wa katikati panapokutana mbawa mbili za mlango, kwa kidole gumba niliona patasi imeingia kwa pembe mbili tofauti. Nadhani walikuwa mafundi wawili, kila mmoja na mkono wake.

Na baraza ninayokalia si ya duka la Kihindi. Kibaraza cha mawe mbele ya nyumba ni cha Waswahili na Waarabu, mahali pa kumpokea mgeni asiyepaswa kuingia ndani. Aliyejenga nyumba hii alitaka duka na alitaka majirani wakae, akaweka vyote. Shangazi naye hufanya hivyo hivyo sufuriani. Kachori, bhajia na chatne zimekuja na Wahindi pamoja na majina yake. Muhogo asili yake Amerika, Wareno ndio walioupitisha kwenye pwani hizi, wakatuachia hata neno meza. Ukitoa kimoja kwenye bakuli lile, hata huo muhogo tunaoudhani ni wa kwetu tangu azali, urojo umekufa.

Kwa ndani nimeingia mara moja kunawa. Chumba ni chembamba, kama hatua nne, kwa sababu dari imelala juu ya boriti za mikoko, na boriti haina urefu zaidi ya huo. Ukuta ni mnene, wa mawe ya matumbawe na chokaa, na hata saa nane mchana kuna ubaridi. Meza mbili tu. Nje ni bora.

Sasa yanayoniuma. Ukuta wa mbele, upande wa kulia wa baraza, umetiwa plasta ya saruji. Aliyefanya hivyo alidhani anatengeneza. Ukuta wa matumbawe unavuta maji na kuyatoa. Chokaa inayapa njia, saruji inaiziba, basi unyevu na chumvi vinabaki ndani vikila mawe polepole. Mji huu umo katika Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu mwaka 2000, wageni wanakuja kupiga picha milango, na ukuta unaoushika mlango unaoza nyuma yake. Tangu Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la mwaka 1883, liporomoke upande Desemba 2020 na kuua watu wawili, siwezi kupita ufa bila kuutia kidole. Nimemwambia shangazi. Anasema yeye ni mpangaji. Nimemwomba anikutanishe na mwenye nyumba, na chokaa nitaichanganya mwenyewe.

Kuhusu chakula lawama yangu ni moja: baada ya isha bhajia huwa za kupashwa moto, na zinanyonya mafuta. Huduma ni ya upole, ila foleni ya wanafunzi wa madrasa hutangulia, na ni haki yao. Nimelipa shilingi 3,000 kwa bakuli lenye kila kitu.

Nenda baina ya alasiri na magharibi, na noti ndogo, maana chenji humpa shida. Ukikaa, egemea upande wa kushoto. Ule wa saruji unatoa unga mweupe wa chumvi, na kwenye koti haufutiki upesi.