QGIS kwa data za maji Pangani: bure, ila akili ulete mwenyewe
Kama una takwimu za matumizi ya maji kwenye ramani mbili za mabonde ya mito ambazo mipaka haipatani, QGIS, programu ya kuchora na kuchambua ramani, inatosha kabisa. Mi naitumia kwa bonde la mto Pangani, Tanzania, ramani moja inaishia mpaka wa Kenya, nyingine ya HydroBASINS (ramani za mabonde ya dunia nzima) inafuata mwinuko wa ardhi mpaka upande wa Taveta, ukizipandanisha unabaki na vipande vyembamba kibao. Usigawe takwimu za maji kati ya vipande hivyo kwa ukubwa wa eneo tu jamani, mifereji imejaa huko juu Kilimanjaro, kule chini karibu na bwawa la Nyumba ya Mungu ardhi ni kavu! Bora kila kibali cha kutumia maji kiingie bonde lake kwa koodineti zake. Ila ubadili kwanza koodineti za Arc 1960 (mfumo wa zamani wa ramani za huku) kuwa WGS 84 (ule wa GPS), la sivyo nukta zinahama karibu mita 300. Laptopu dhaifu itakoroma tu. Nyota 4.