Tommy, nani alikutuma kaburini?

Juzi usiku nimeirudia Jason Lives, filamu ya sita ya ule mfululizo wa kutisha wa Friday the 13th, wa muuaji Jason, nikidhani labda zamani niliionea. Wapi! Hasira iko palepale.

Kwenye ya nne, ya 1984, Tommy Jarvis ni mtoto tu. Ananyoa nywele afanane na Jason alipokuwa mdogo, jitu linababaika, Tommy anachukua panga na kulimaliza. Jason anakufa kama binadamu yeyote. Na woga wa zile za mwanzo kwangu ulikuwa hapo hapo: huyu ni mtu, anavuja damu, amekuzidi nguvu lakini ukimpata pabaya anaanguka. Unatazama huku na wewe unapambana naye.

Sasa njoo 1986. Tommy amekua, ndoto mbaya zimemwandama, anakwenda makaburini usiku na rafiki yake Hawes kumfukua Jason amchome moto. Hilo namwelewa. Jeneza linafunguliwa, mwili umeoza, funza wanatambaa. Si umwage petroli uwashe? Hapana, bwana anapandwa na jazba, anang'oa chuma cha uzio na kuichoma maiti, anachoma tena na tena, halafu anakiacha chuma kimesimama kifuani na mawingu yananguruma! Radi inapiga. Maiti inaamka. Hawes wa watu anang'olewa moyo kwa mkono mtupu. Tommy anapohangaika na kiberiti, mvua inakizima. Na kile kinyago cha mpira wa magongo anachovaa Jason akiua, Tommy mwenyewe ndiye aliyekibeba kumletea!

Hapo ndipo waliponiudhi. Aliyemuua Jason wamemfanya ndiye aliyemfufua, kwa uzembe wa dakika chache. Toka hapo risasi zinampiga, anainuka. Ukishajua hafi, unabaki kuhesabu nani anafuata.

Lakini nisiidhulumu. Safari hii kwenye kambi ya likizo anakoua Jason kuna watoto, watoto wadogo kabisa, na kuna usiku Jason anaingia bwenini kwao. Kabinti kamoja kanamwona amesimama juu ya kitanda chake. Hakapigi kelele, kanafumba macho na kuomba Mungu. Jitu limesimama tu. Mwili ulinisisimka, na ulinisisimka kwa sababu yule si mtu tena. Binadamu ungemsihi, ungemwambia huyu ni mtoto. Huyu utamwambia nini? Kanafumbua macho, kumbe ameshaondoka. Tom McLoughlin, aliyeiandika na kuiongoza, kwenye tukio hilo alinishinda kabisa, na kwa dakika zile nilikuwa tayari kumsamehe radi yake na kusema hii ndiyo bora kuliko zote.

Basi nikaendelea mpaka mwisho. Tommy anamfunga Jason mnyororo wenye jiwe, anamzamisha ziwani, naye nusura afie humo. Megan, binti wa sherifu, anajitosa majini na kumtia Jason pangaboi la injini ya boti shingoni. Baba yake ameshauawa, yule sherifu aliyemweka Tommy mahabusu badala ya kumsikiliza. Ukidhani yameisha, chini ya maji jicho la Jason linafumbuka.

Hapana. Hapana kabisa. Kama hafi, yule mtoto wa 1984 alishika panga la nini? Niachieni ile ya nne, hii chukueni nyie.