Siling ya mbao kwenye mgahawa wangu Dodoma, mwaka wa pili sasa

Wakuu habari, nina mgahawa huku Ilazo, ukumbi mita 8 kwa 11, chini taili, mbele vioo, juu ilikuwa gipsam. Mchana watu wakijaa ni kelele tupu, kijiko kikidondoka mlangoni unakisikia kaunta, wateja wanapaza sauti ili wasikilizane, wengine wakawa wanafungiwa chakula na kuondoka. Ndo nikaamua niweke mbao.

Mara ya kwanza niliumia. Fundi alileta paini mwezi wa kwanza mvua zinanyesha, mbao bado nzito za maji, akazipigilia misumari zimebanana kabisa. Ilipendeza kweli. Kufika mwezi wa saba, na upepo mkavu wa huku mnaujua, mbao zikasinyaa, zingine zikapinda, kati ya mbao na mbao sarafu ya mia mbili inaingia bila kusukuma, usiku tukishafunga unasikia paa! mbao inapasuka pale penye msumari. Fundi nampigia hapokei.

Mara ya pili nikachukua paneli. Hizi ni mbao nyembamba zimepangwa zina nafasi kama upana wa kidole, nyuma kuna kitambaa kizito cheusi, na zinashikwa na klipu kwenye fremu ya chuma, kwaiyo mbao ikitanuka au ikisinyaa haina cha kuipasua. Zilikaushwa kwenye tanuri, alafu huyu fundi wa pili akaziacha ndani ya ukumbi siku kumi zizoee hewa ya humo kabla hajafunga hata moja, mi nikaona ananichelewesha kumbe anajua kazi. Sauti inapenya kwenye zile nafasi inaenda kufia kwenye kitambaa. Saivi mama anamuongelesha mwanae taratibu na meza ya jirani hawasikii, aisee nilifurahi sana siku ya kwanza. Fundi umeme naye akitaka waya anashusha paneli moja tu.

Bei ndo imechangamka, kwangu ilizidi mara mbili ya gipsam. Na vumbi la Dodoma linakaa kwenye nafasi, kila jumapili kijana anapanda ngazi na brashi kavu ya rangi. Jikoni sikuweka sababu ya moto na mafuta. Dawa ya mchwa nilipaka kabla ya vanishi, hiyo msiiruke. Na muuzaji akibabaika ukimuuliza mbao zimekaushwaje, ondoka.

Mvua zimepita, kiangazi kimeingia, juzi nimepanda kuangalia, nafasi ni kidole kilekile.