Wix, WordPress au Drupal: bei zikipanda, nani anahangaika?

Karibuni tena. Leo napambanisha Wix, huduma ya kujitengenezea tovuti mtandaoni, na mifumo miwili ya kusimamia maudhui ya tovuti, WordPress na Drupal. Mfano wangu ni tovuti ya kampuni ya utalii Arusha: safari thelathini, kila moja na hifadhi zake, idadi ya siku, bei ya msimu wa wageni wengi na bei ya msimu wa mvua.

Kwa kujenga haraka, Wix iko mbele. Tazameni hapa: nakamata picha, naivuta, naiacha ninapotaka. Seva hutafuti, masasisho ya mfumo hayakuhusu. Kama una saluni, kurasa tatu na namba ya WhatsApp, zima video hii ukafungue Wix. Sitanuna.

Haya, ada za hifadhi zimepanda, bei zote zibadilike. Kama bei niliiandika tu juu ya ukurasa, kama kipeperushi, nitafungua safari moja baada ya nyingine. Halafu bei hiyohiyo ipo ukurasa wa mwanzo, na ipo tena kwenye orodha ya safari za Serengeti. Nikisahau mahali pamoja, mteja wa Ujerumani ananiletea skrinshoti anadai bei ya zamani. Utamwambia nini?

Drupal inaanzia kwingine kabisa. Kabla hujaandika neno, unaieleza safari ni kitu gani: jina, hifadhi, siku, bei, picha, kila kimoja na kisanduku chake. Orodha unaitengeneza kwa Views, zana ya kuchuja na kupanga maudhui, ambayo tangu Drupal 8 ya mwaka 2015 inakuja ndani ya mfumo wenyewe. Naiambia: nipe safari za Serengeti zisizozidi siku 5. Hizo hapo! Bei nabadilisha mara moja, nayo inabadilika kila inapoonekana. Na tafsiri ya Kijerumani inafuata visanduku vilevile.

Uchungu wake ni mwanzoni. Unashinda unapanga visanduku na bosi akipita huna cha kumwonyesha. Tena fundi wa Drupal kumpata ni kazi, na akipatikana si wa bei ya chini.

WordPress inaweza haya pia. Aina za maudhui za kujitengenezea zipo tangu toleo la 3.0, mwaka 2010. Ila mafundi wengi wanaweka Elementor, plagini (programu ya nyongeza) ya kupanga kurasa kwa kuvuta na kuacha, wanabandika bei ndani ya ukurasa, basi. Hapo umerudi kwenye kipeperushi kilekile, na ulinzi na masasisho sasa ni mzigo wako.

Niwatendee haki Wix: wanazo Collections, yaani data inakaa kwenye jedwali na kurasa zinachota humo. Ukizitumia, tatizo la bei linakwisha, na jedwali unaweza kulitoa kama faili la CSV, linalofunguka hata kwenye Excel. Ila tovuti yenyewe huihamishi. Inakaa kwenye seva zao.

Kwa kampuni yetu ya Arusha nachagua WordPress, yenye aina ya maudhui ya safari na plagini ya ACF (Advanced Custom Fields) kwa ajili ya visanduku. Drupal ningeiweka kwa wenye lugha nyingi na wahariri wengi. Na kabla hujammalizia fundi hela yake, mwambie abadilishe bei ya safari moja mbele yako, uhesabu anafungua kurasa ngapi.