Gari la hema juu la kukodi Mwanza: tumezunguka nalo na watoto mpaka Bukoba, ukweli wake huu

Haya, mlioniuliza kuhusu lile gari la kukodi lenye hema juu ya keria, majibu haya hapa, na mabaya nayasema maana nimelipa hela yangu. Ni Land Cruiser ile ndefu ya zamani, inakodishwa hapa hapa Mwanza, laki tatu na nusu kwa siku, mafuta juu yako, na kuna dipoziti wanakurudishia wakishalikagua. Jina la kampuni siandiki kwa sababu kuna sehemu nitawasema.

Haya mambo kayaleta shemeji yangu, mdogo wake baba watoto, yuko Darwin kule kaskazini ya Australia, na usidhani ni kwenye baridi, joto lake ni la kuloa jasho asubuhi. Kila ikifika mwezi wa sita au wa saba anafunga karavani nyuma ya gari, kile kijumba cha magurudumu chenye vitanda na jiko ndani, anapakia mke na watoto wanapotelea porini, hifadhi ya Kakadu, mji wa Katherine, kuna mwaka walifika mpaka eneo la Kimberley wakapita barabara ya Gibb River, kilomita 660 na sehemu kubwa ni vumbi. Anachagua miezi hiyo kwa sababu kuanzia Novemba mpaka Aprili kule ni mvua, mito inafurika na barabara zinafungwa kabisa. Sasa wanangu kuziona zile picha WhatsApp, ikawa kila siku mama na sisi, mama na sisi. Karavani la kuvuta sijaona mtu analikodisha huku kwetu, hili la hema ndo lilikuwa karibu zaidi.

Tuliondokea Usagara tukavuka daraja la Kigongo–Busisi, na wale mnaokumbuka foleni ya kivuko pale, mnakula mahindi ya kuchoma mpaka mnashiba na zamu bado, tangu lifunguliwe Juni 2025 unavuka kilomita 3 hizo mtoto hajamaliza hata kuuliza swali lake. Kisha Sengerema, Geita, Chato, Biharamulo, Muleba, Bukoba. Lami muda wote, kwa hiyo wanaosema lazima uwe dereva wa porini wanakutisha tu.

Kitu nilichokipenda kuliko vyote ni friji. Iko nyuma, inafunguka kwa juu, inakula betri ya pili ambayo inajichaji ukiwa unaendesha. Nilinunua sato wabichi njiani, nikawaosha nikawapanga humo, kesho yake jioni nakaanga wako vilevile macho maangavu. Maziwa ya mdogo hayakuharibika. Jiko ni mtungi mdogo wa gesi na meza ya kukunja, linatosha, ila beba sufuria yako maana zao zimeungua chini mpaka ugali unatoka na rangi.

Ila friji hiyo hiyo ndo iliyoniudhi. Kule Chato tuliliacha gari tukapanda boti kwenda Rubondo, maana ile ni hifadhi ya kisiwa na gari lako linabaki bara (nendeni jamani, tembo wapo, twiga wapo, na sokwe ambao wazee wao waliletwa miaka ya 1960 kutoka Ulaya, wakazoea msitu tena). Kurudi, betri imekata, samaki wameoza, gari lote linanuka na jua la Chato mnalijua. Nikampigia mwenye gari ananiambia "dada, inabidi uwe unawasha injini." Mbona hukusema wakati unachukua hela? Shemeji nilipomsimulia akacheka, kule kwao anafika kwenye kambi ya makaravani anachomeka waya kwenye umeme wa pale, na bomba la maji lipo, na sehemu ya kumwaga uchafu wa choo ipo. Hata miji midogo kabisa ina kambi ya hivyo.

Hapo ndo penye tatizo lenyewe la hii huduma, na sio gari. Unapewa nyumba ya kutembea nayo halafu hujaambiwa pa kuisimamisha. Loji moja ya pembeni ya ziwa mlinzi alituzunguka na tochi mara mbili, akauliza, "Sasa mama, chumba hamtaki, mnataka kulala juu ya gari?" Meneja akatutoza bei ya chumba ileile, choo tutumie cha nje. Sehemu nyingine tuliomba uwanja wa parokia, padri akatukubalia bure na masista wakatuletea ndizi, lakini huwezi kupanga safari ya familia kwa kutegemea huruma ya watu. Kampuni ingetengeneza tu orodha ya sehemu walizokubaliana nazo bei, ningelipa hata laki nne.

Kitu kingine ambacho picha hazikuonyeshi: shemeji akishafika anafungua karavani kutoka kwenye gari analiacha, anatoka na gari tupu kwenda kutembea. Wewe mwenye hema juu, ukitaka kwenda kununua mkate ni lazima ukunje kila kitu, godoro, turubai, ngazi, halafu jioni uanze upya. Na mtoto akitaka kukojoa saa nane usiku unashuka ngazi umembeba, mkono mmoja tochi.

Hema lenyewe ni zuri, wawili wakubwa na watoto wawili mnaenea mkibanana, na upepo wa ziwa usiku unalitikisa ila halivuji. Shida ni zipu ya neti, kona ya chini haifungi vizuri. Usiku mmoja huku Muleba wale wadudu wa ziwani walipanda kama moshi wa tanuri la matofali, watoto wana taa ndani wanachora, dakika chache shuka lote jeusi, wamo kwenye nywele, wamo kwenye kikombe cha chai. Hao hawaumi, lakini kwenye uwazi huo huo mbu naye anapita, na malaria ya huku tunaijua. Uwazi huo niliuziba na kanga mpaka mwisho wa safari.

Wenye watoto: msiegeshe ukingoni mwa maji hata pakiwa pazuri vipi. Kiboko anatoka usiku kula majani, mamba wapo, na kuogelea kwenye matete ndo kuokota kichocho. Shemeji naye kwao hivohivo, mamba wa maji chumvi wamejaa mito yote ya kule juu na mabango ya onyo yako kila mahali, kwa hiyo samaki anamtengenezea mbali kabisa na anapolala. Tulimuiga.

Nawapa tatu kwa tano. Injini haikutusumbua, spea tairi mbili, jeki nzima, dipoziti walirudisha siku hiyohiyo bila longolongo. Masika au Desemba silichukui, ila Juni nitalirudia wakibadilisha ile zipu, na safari hii samaki nanunua siku ya kuwala.